CV Moja kwa Mji Mzima

Karatasi iliyotoka kwenye mashine ya kopi ikiwa na joto, ikatiwa kwenye bahasha ya kaki na kubanwa kwapani njia nzima juani, ina harufu yake. Naijua kuliko wengi, kwa sababu ndiyo inayofika mezani kwangu kila hoteli yetu inapotangaza nafasi ya kazi stoo. Nafungua bahasha ya kwanza, nasoma. Nafungua ya pili, nakuta yaleyale. Nikifika katikati ya rundo najiona kama mtu anayelishwa kiporo cha jana na juzi, na bado anatakiwa ashukuru.

Wote ni wachapakazi, waaminifu, wanaoweza kufanya kazi bila kusimamiwa. Wote wanapenda kusoma vitabu, kuangalia mpira na kusafiri. Wanaandika dini, hali ya ndoa, jina la baba na la babu. Mmoja aliandika mpaka kimo na uzito wake, kama ng'ombe wa mnadani. Mwisho wanapanga wadhamini: mheshimiwa fulani, shehe au mchungaji fulani, mwalimu mkuu fulani. Ukimpigia mheshimiwa, anakuuliza wewe huyo kijana ni nani.

Hayo yananichefua, na nina haki ya kuchefuka. Mimi sikubebwa na mtu. Nilitoka Kondoa na cheti cha kidato cha nne chenye alama ambazo hazikumfurahisha yeyote, nikaenda Maskati kufanya kazi za ndani. Katika nyumba ile nilisugua vyoo, lakini pia niliipanga stoo ya chakula bila kuambiwa: mchele wa zamani mbele, mpya nyuma, na nilijua lini sukari itaisha kabla mama mwenye nyumba hajaitafuta. Nilipotaka kuhamia hotelini niliandika ukurasa mmoja kwa mkono. Neno "mfanyakazi wa ndani" lilikaa juu, mstari mmoja tu, na chini yake nikaeleza ile stoo, nilivyoipanga na nilichozuia kisioze. Msimamizi wa hoteli aliusoma akiwa amesimama, kisha akakaa. Miaka michache baadaye nilikuwa nawaamuru wanaume watu wazima mahali pa kuweka makasha.

Nikarudi nyumbani, nikajilipia stashahada ya ununuzi na ugavi hapa Dodoma, nikikaa darasani na vijana walioniita mama, na mitihani nikawapita. Nyumba yangu ya Nkuhungu nimeijenga mwenyewe, na ile stashahada imetundikwa sebuleni mahali ambapo mgeni akikaa hawezi kuacha kuiona. Sioni aibu kuyasema haya. Wanaoona aibu kusema walichofanya ndio walionisukuma kuandika habari hii, na mmojawapo ni damu yangu.

Ni binti wa kaka yangu. Alishuka kwenye basi la Kondoa na begi moja, kifuko cha mbaazi alichopewa na mama yake aniletee, na bahasha. Akapiga goti mlangoni.

"Shikamoo shangazi."

"Marahaba. Kaa. Leta hiyo bahasha."

Alikuwa amemaliza chuo, ana astashahada ya uhasibu, na kwa miezi mingi alikuwa akija na kurudi, akizungusha nakala za CV yake katika ofisi za mji huu bila kuitwa hata mahali pamoja. Niliitoa. Nilisoma mistari ya kwanza tu, nikaiweka mezani.

"Unapenda kuangalia mpira?"

"Hapana, shangazi."

"Unashabikia timu gani?"

"Hata sizijui vizuri."

"Mbona hapa umeandika unapenda mpira?"

"Ndivyo ilivyokuwa."

"Ilivyokuwa wapi?"

"Kwenye kompyuta ya steshenari. Yule kaka alibadilisha jina na shule tu."

Palipoandikwa uzoefu wa kazi palikuwa na neno moja: hakuna.

Kesho yake nilikwenda naye kwenye hiyo steshenari. Sikwenda kutafuta ugomvi, ingawa niliupata. Ni kibanda kimoja chenye kompyuta, mashine ya kopi, na kitambaa cha bluu ukutani cha kupigia picha za pasipoti. Kijana mwenyewe alikuwa mchangamfu.

"Karibu mama. Kopi au picha?"

"Nimekuja kumwona huyu mtu anayependa mpira na kusafiri. Nimemsoma sana ofisini kwangu, leo nataka nimjue."

Alicheka. "Hiyo ndiyo fomati, mama. Hiyo imepeleka watu serikalini."

"Mtaje mmoja."

"Ni wengi mno, mama."

"Nimesema mmoja."

"Sasa mama, mimi kazi yangu kuchapa. Mtu anakuja hana la kuandika. Nimwachie karatasi tupu? Namsaidia."

"Unamsaidia kufanana na jirani yake."

"Akitofautiana si ndiyo wataona ana kasoro?"

Msichana aliyekuwa anasubiri kopi zake alitikisa kichwa kukubali. Kichwa kile kilinichukiza kuliko kijana mwenyewe. Yule anafanya biashara. Lakini huyu amesoma, amefaulu, na matumaini yake yote ni kwamba mwajiri asimwone.

Nafasi aliyokuwa anaitaka binti yetu ilitangazwa na kiwanda kipya cha kukamua alizeti. Walitaka mtu wa kupokea mbegu kutoka kwa wakulima wa Kondoa na Chemba, anayejua hesabu na anayeweza kukaa na wakulima bila kugombana nao. Alikuwa amelipiga picha lile tangazo na kulisoma kwenye simu mpaka akaweza kulisema bila kutazama. Mwisho wa kupokea maombi ulikuwa Ijumaa. Na baba yake alikwisha mwambia wazi: hii ni bahasha ya mwisho, ikikosa arudi Kondoa na maneno ya kazi yaishe.

Nikafungua kompyuta yangu mezani.

"Ulipomaliza chuo ulifanya nini?"

"Nilikaa nyumbani."

"Ulikaa ukifanya nini?"

"Nikimsaidia mama."

"Kumsaidia nini?"

"Kazi zake tu, shangazi."

Kazi za mama yake nazijua. Wifi yangu ananunua alizeti na mbaazi vijijini na kuziuza kwa wafanyabiashara wa mjini, tangu sisi wengine tukiwa wasichana. Lakini miguu yake imeharibika, siku hizi hawezi kupanda kenta za mizigo.

"Na nani anakwenda vijijini?"

Akatazama mbaazi zake kwenye kifuko. "Mimi."

Nilimvuta maneno kama mtu anayetoa mwiba. Yeye ndiye aliyekuwa akipanda kenta alfajiri. Yeye ndiye aliyefungua magunia na kutia mkono mpaka kwapani, kwa sababu mchanga huwekwa chini na alizeti safi juu. Anaing'ata mbegu na kusikia kwa meno kama imekauka. Kule kwa Wasandawe alikuwa amejifunza kusalimia na kupatana bei kwa lugha yao, ile yenye sauti za kugonga ulimi kaakaani ambayo wageni wengi huishia kuicheka.

"Wananicheka wao," alisema. "Lakini wananiuzia."

"Hapa umeandika unajua Kiswahili na Kiingereza."

"Kumbe na hizo nyingine zinaandikwa?"

Nilianza kuchapa: mnunuzi wa mazao, biashara ya familia, Kondoa na Chemba. Akanishika mkono. Katika maisha yake hajawahi kunishika mkono kwa nguvu.

"Shangazi, futa hapo."

"Kwa nini? Ni uongo?"

"Biashara ni ya mama. Mama yupo, mzima. Nikiandika kwamba niliyekuwa nanunua ni mimi, nitakuwa nimemwondoa."

Nililijua jambo hilo kabla hajalimaliza. Kwetu Urangi, huko Kondoa, mtoto akifanya kazi chini ya mzazi, kazi ina jina la mzazi. Yeye yuko shambani tangu asubuhi, jioni watu wanasema mzee amelima. Yeye amelala juu ya magunia njiani, watu wanasema mama ameleta alizeti. Kusema "mimi" mzazi angali hai ni kama kugawana mirathi mapema. Watu wanaiita heshima. Mimi nilikulia ndani yake na hainipendezi hata kidogo. Nimeona watu wa kwetu wakifika mjini na mikono iliyojaa ufundi, halafu wanaandika "hakuna".

Nikampigia wifi, simu nikaiweka sauti ya juu ili binti asikie.

"Wifi, hujambo?"

"Sijambo, Mwarabu wa Nkuhungu. Leo umepiga mwenyewe, kuna msiba?"

"Hakuna msiba. Naomba ruhusa yako. Mwanao aandike kwenye barua zake kwamba alikuwa ananunua mazao."

"Na mimi nilikuwa nafanya nini? Nilikuwa nimelala?"

"Wewe ndiye mwenye biashara. Yeye ndiye aliyekuwa anatia mkono kwenye gunia."

"Na huo mkono kaupata wapi? Si nimeuzaa mimi?"

"Umeuzaa wewe, wifi. Sasa kiwanda kinautaka."

Akacheka mpaka akakohoa. "Umeanza maneno yako ya Maskati. Haya, aandike. Lakini aniandike na mimi jina langu hapo, wasije wakadhani ameokotwa njiani."

Hivyo ndivyo mama yake alivyokuwa mdhamini wa kwanza. Wa pili tulimweka mwalimu wa chuo aliyemfundisha hesabu na anayemkumbuka kwa sura. Tukaishia hapo.

Kaka yangu alisikia habari hiyo kabla karatasi haijatoka. Alinipigia akiwa amekwisha kasirika.

"Umemtoa mheshimiwa?"

Mheshimiwa ni diwani mmoja ambaye kaka alikwisha kumwomba, na akakubali, jina lake liwekwe.

"Mheshimiwa hamjui mwanao hata akikutana naye mlangoni."

"Hahitaji kumjua. Anahitaji kuwa mheshimiwa."

"Wakimpigia atasema nini?"

"Hawapigi. Wakiona jina wanaogopa."

"Kaka, mimi ndiye ninayeyaona hayo majina. Siogopi. Nacheka."

"Kwa hiyo unamweka mama yake, mtu asiyejua kusoma."

"Watampigia simu, hawatamwandikia."

Akasema taratibu, "Haya. Ikikosa, tutajua nani amemkosesha." Binti alikuwa amekaa kando yangu na alisikia.

Ule ukurasa ulipokamilika ulikuwa mmoja tu. Hakukuwa na dini, ndoa wala mpira. Juu kabisa palisema alichofanya, kwa nani, wapi, na kilichotokea kwa sababu yake: magunia hayakurudishwa na wanunuzi wa mjini kwa sababu ya mchanga. Lugha zilikuwa nne, Kirangi na Kisandawe zikiwa za kwanza kwa sababu ndizo kiwanda kilizozihitaji. Chini ya hapo, astashahada. Nitasema bila kuzungusha maneno: karatasi nzuri kuliko ile haijawahi kutoka Nkuhungu, na niliitunga mimi.

Printa sina. Ijumaa asubuhi nilimpa flashi, na steshenari iliyo karibu ni ileile. Nikamwambia, "Akimaliza kuchapa, simama hapohapo mpaka afute kwenye kompyuta yake." Akaitikia. Alirudi na karatasi, akaipeleka kiwandani mwenyewe.

Wakamwita kwenye usaili. Nilimsubiri nyumbani huku nikikuna nazi ambayo sikuwa na haja nayo. Alirudi uso umechangamka. Aliyemhoji ni mwanamume mgeni wa mkoa huu, na alitaka habari za magunia, si za malengo ya maisha. Aliuliza, akajibiwa, akauliza tena.

"Halafu akasema atampigia mama," alisema.

Niliiweka nazi chini. Katika ujuzi wangu wote sikuwa nimelifikiria jambo moja, ambalo Mrangi yeyote angelifikiria. Kwetu mzazi hamsifu mtoto wake mbele ya mgeni. Ni kumtafutia macho ya watu. Umwulize mama, "Mwanao ni hodari?", atakujibu, "Wapi, mvivu tu huyo." Hiyo ndiyo adabu. Kwetu anayeuliza anajua kuligeuza hilo jibu. Yule bwana wa kiwandani hajui.

Binti alikuwa amekwisha elewa. "Shangazi, mama atanisema vibaya."

Tukapiga. Namba ilikuwa inatumika. Tukapiga tena, bado inatumika. Alijifunika uso kwa mtandio. Niliikumbuka sauti ya kaka, na niliichukia zaidi kwa sababu safari hii huenda alikuwa sahihi.

Hatimaye wifi akapokea.

"Wamekupigia?"

"Wamepiga. Kijana ana adabu, ameniamkia vizuri kabisa."

"Alitaka nini?"

"Ameniuliza kama huyo binti anajua kazi."

"Ukamjibu?"

"Nikamwambia hajui kitu. Bado mtoto, mzito kuamka. Wamvumilie, wamfundishe."

Binti alilia bila sauti. Nikauliza, "Kisha?"

"Kisha nikamwambia huyo mtoto amenitia hasara. Tangu aondoke sijanunua gunia la maana. Nimemtuma binamu yake Chemba, kaniletea mchanga umefunikwa alizeti juu. Wale watu, akiwa yeye, walikuwa wanafungua gunia wenyewe na kumwaga chini aone. Sasa wamejua hakuna anayetia mkono. Nikamwambia kama hamumtaki nirudishieni upesi, msimu haujaisha."

"Akasemaje?"

"Akacheka, akashukuru, akakata. Watu wa mjini hawajui kuagana."

Wakamwita tena siku chache baadaye. Jumatatu iliyofuata alianza kazi, na yuko pale mpaka leo.

Ningependa habari iishe hapo, lakini wenye habari hawakuiacha. Kaka yangu alichukua mbuzi dume kutoka zizini, akampelekea diwani kumshukuru. Nilimwuliza anashukuru nini, na jina la yule mtu halikuwepo kwenye karatasi. Akasema, "Lilikuwepo hewani." Na diwani alimpokea yule mbuzi. Alimwambia kaka, "Nilizungumza nao." Niliposimuliwa nilikuwa mezani, nikasukuma sahani. Mtu hamjui binti, hajui kiwanda kiko upande gani wa barabara, na anatafuna mbuzi wa jasho la mwenzake huku akipangusa midomo. Nikimwambia kaka hayo, anasema nina roho mbaya. Wifi naye anasema kazi imepatikana kwa simu yake. Namwambia bila ukurasa wangu wasingejua hata kwamba ana simu. Hatujamaliza ubishi huo, na sina nia ya kushindwa.

Lakini kilichonikalisha chini kuandika ni cha juzi. Hoteli imetangaza nafasi ya msaidizi wa stoo, na bahasha zikaja, na harufu yake. Nafungua ya kwanza: mnunuzi wa mazao, biashara ya familia, Kondoa na Chemba. Nilifurahi. Nikasema huyu ni mtu wa kwetu, tena amejieleza vizuri. Nilisoma mistari mitatu ndipo nikaitambua sentensi yangu.

Ya pili ilikuwa hivyohivyo. Ya tatu ni ya kijana wa Kibakwe, kule milimani Mpwapwa, aliyezaliwa huko, akasoma huko. Naye amenunua alizeti Chemba. Naye anajua Kirangi na Kisandawe. Naye anatia mkono kwenye gunia mpaka chini. Mdhamini wake wa kwanza ni wifi yangu, kwa jina na kwa namba ya simu. Na pale mwisho, kwenye nafasi niliyoiacha wazi kwa makusudi, yule kijana wa steshenari alikuwa amerudisha chake: anapenda kusoma vitabu, kuangalia mpira na kusafiri.

Nilimpigia binti kazini.

"Siku ile ulimwambia afute?"

"Niliona aibu, shangazi. Kulikuwa na watu, na alikuwa amenikaribisha vizuri."

Jasho lake alilionea aibu kuliandika, na lilipoandikwa akaona aibu kumzuia mtu asiliibe. Nikampigia mama yake.

"Wifi, kuna watu wanakupigia kuuliza habari za vijana?"

"Wananipigia kila leo. Nilikuwa sijui nina watoto wengi hivi. Jana kaulizwa mmoja Mgogo, juzi sijui mtu wa wapi. Wote eti walikuwa kwangu."

"Unawajibu nini?"

"Nawaambia hawajui kitu."

"Kisha?"

"Kisha nini? Kama hawajui kitu, hawajui. Mimi nakata simu."

Bahasha zile bado ziko mezani kwangu. Nimefungua dirisha, harufu itoke.